Kununua frigo kwa intaneti: sababu gani bei yenye unaona kwa telefone haiko bei yenye utalipa

Mama mumoja mwenye anauzisha samaki hapa Butembo alingojea kongelateri yake miezi ine. Mwezi wa kumi na mbili, kikundi chao cha AVEC kiligawa feza za mwaka muzima, naye akapata dolari 310. Hesabu alikuwa amekwisha kupiga. Samaki yenye haiuzishwe mpaka magaribi, kesho yake anaitoa kwa nusu bei ao anaikausha. Akiwa na kongelateri, hasara ile inaisha, na tena anaweza kuuzisha maji ya baridi kwa watoto wa masomo.

Kijana wake akamuonyesha picha kwa telefone: kongelateri nyeupe, mupya, litri 200, dolari 240, na maneno “livrezo bure mpaka kwako”. Akatuma avansi ya dolari 150. Dolari 90 zenye zilibakia atazilipa siku muzigo utafika.

“Balianza kuniambia iko ku mashua. Kisha iko Mombasa. Kisha iko Kasindi, tuma tena dolari makumi kenda ya duane,” anatuambia. “Nikatuma. Mutu akisha kula samaki yote, atashindwa na mukia?”

Muzigo ukafika. Karto ilikuwa imefunguliwa na kufungwa tena na skochi. Ndani, kongelateri ndogo kuliko ile ya picha, mulango umebonyea, fishi ya meno matatu mapana yenye haiingie kwa priz ya nyumba zetu. Akatafuta adaptateri, akachomeka. Kabla ya dakika kumi, moshi. Mufundi mwenye walimuita kesho yake aligeuza mashini, akasoma kibandiko cha nyuma: 115 V, 60 Hz. Kuranti ya kwetu ni 220 V, 50 Hz. Mashini iliungua sababu ilikunywa kuranti karibu mara mbili ya ile yenye ilitengenezewa.

Dolari 330 zimeenda. Ishirini kati ya hizo alikopa.

Tulipoeleza habari hii kwa redio na kufungua telefone, wasikilizaji hawakushangaa. Kila mumoja alikuwa na yake: mashini ya kufua yenye ilifika bila tiyo, frigo yenye ilifika Bunia ikiwa imelazwa chini safari nzima, kuizinyeri yenye muuzaji wake alibadilisha nimero siku ileile ya kutumiwa feza. Ndiyo sababu tumeona vizuri tueleze polepole namna biashara hii inatembea, mahali feza zinapotelea, na kitu gani mutu anaweza kufanya mbele ya kubonyeza kitufe cha kutuma.

Maduka tatu zenye zinafanana kwa telefone

Kosa la kwanza linaanzia hapa. Kwa kioo cha telefone, maduka yote yanafanana: picha, bei, nimero. Lakini nyuma ya picha kuna watu wa namna tatu.

Wa kwanza ni masoko makubwa ya inchi za inje. Kuna yale ya Uchina, kama Alibaba, yenye kazi yake ni kuuzisha kwa jumla. Ukiona kongelateri dolari 95, angalia chini: mara nyingi bei ile ni ya mutu mwenye kukomande vipande 50 ao 100, na ni bei ya kuchukulia kwenye bandari ya Uchina, si kwako. Kuna pia maduka ya majirani. Jumia, kwa mufano, inafanya kazi Kenya na Uganda. Wakaaji wengi wa Beni, Butembo na Bunia wanaona matangazo yake kwa telefone zao, lakini mulango wa mwisho wa duka ile ni Kampala ao muji mwengine wa Uganda. Kutoka pale mpaka kwako, ni wewe na mutu wako.

Wa pili ni wakomisioneri. Hao ni watu wenye wanaishi ao wanaendaka Guangzhou, Dubai ao Kampala, wananunua kwa niaba yako, wanapakia mizigo ya watu wengi katika kontena moja, na unalipa usafiri kwa kipimo. Wamoja ni watu wa kweli wenye biashara ya miaka mingi, na muji muzima unawajua. Butembo imejengwa sana na biashara ya namna hii. Lakini mwenye depo na mwenye hana kitu wote wawili wanaweza kuandika “komisioneri” kwenye WhatsApp.

Wa tatu ni wauzaji wa papa hapa wenye wanafanya kazi kwa Facebook, TikTok na statu za WhatsApp. Wengine wana depo na mali iko ndani. Wengine hawana hata kijiko: wanakamata picha ya mwengine, wanaongeza dolari 40, na ukishatuma avansi ndio wanaenda kutafuta frigo kwa mwenye mali. Si kila mumoja wao ni muwizi, lakini frigo ikikosekana kule, avansi yako imekwisha kuingia kwa mambo ingine.

Kwa hiyo ulizo la kwanza si “bei ngapi?” Ulizo la kwanza ni hili: “Frigo yenyewe iko wapi leo?”

Bei ya picha na bei ya mulango

Tufanye hesabu moja pamoja. Chukua kalamu. Nimero hizi ni za mufano tu, lakini njia ya hesabu ni ya kweli.

Tuseme umepata kongelateri ya litri 200 kule Uchina kwa dolari 180. Karto yake ina urefu wa santimetre 95, upana 60, na kimo 88. Ukizidisha zote tatu, unapata karibu nusu ya mita kibu. Hapo ndipo watu wengi hawafikirie: frigo ni mashini ya kubeba hewa. Ni nyepesi, lakini inakula nafasi. Na mwenye kontena anauzisha nafasi.

Kwa ndege ni vibaya zaidi. Wenye ndege wanachukua urefu mara upana mara kimo kwa santimetre, kisha mara nyingi wanagawa na 6000. Karto yetu inatoa kilo karibu 84. Hata kama kwenye kilo ya kweli inapima 35, utalipia 84. Tena frigo nyingi za siku hizi zinatumia gazi ya R600a, yenye inashika moto, na ndege haziipokee kirahisi. Mutu akikuambia “frigo itafika kwa ndege posho ijayo, dolari 40 tu ya usafiri”, tayari unajua hasemi kweli ao hajue kazi yake.

Turudilie njia ya bahari. Tuseme komisioneri anaomba dolari 400 kwa mita kibu moja. Nusu yake ni 200. Sasa 180 na 200 ni 380. Kwa mupaka, duane haihesabu kodi juu ya bei ya kununua tu. Inahesabu juu ya bei pamoja na usafiri na asiransi. Tuseme kodi ya kuingiza ni asilimia 20: dolari 76, tunafika 456. Kisha inakuja TVA, yenye katika inchi yetu ni asilimia 16, na inahesabiwa juu ya yote hayo: dolari karibu 73. Tunafika 529. Bado hatujaweka makaratasi ya mupaka, transiteri, lori ya kutoka mupakani, na vijana wa kushusha.

Kongelateri ya dolari 180 imekuwa ya dolari 530 na zaidi. Pengine ileile, kwenye magazini ya katikati ya muji, ni dolari 400. Sababu gani muuzaji wa magazini anaweza? Sababu alileta 80 kwa safari moja, alinunua kwa bei ya jumla, na kontena yake ilijaa. Kwa kitu kidogo kama telefone ao saa, kununua mwenyewe kwa inje kunaweza kuleta faida. Kwa kitu kikubwa chenye kubeba hewa, kipande kimoja kimoja, hesabu inageuka.

Kuna wakomisioneri wenye wanatoa bei moja yenye kufunika yote, usafiri pamoja na duane, kwa mita kibu. Ile inarahisisha, lakini uliza waziwazi: “Bei hii inaishia wapi?” Inaishia Mombasa? Kasindi? Ao kwa depo yako Butembo? Na uandikiwe. Yule mama wa samaki aliandikiwa “livrezo bure”. Hakuandikiwa “duane ndani”. Kwa maneno yale mawili tu, alilipa dolari 90 zaidi, na mpaka leo hajaona karatasi hata moja ya duane.

Njia ni ndefu kuliko unavyofikiri

Frigo kutoka Uchina ao Dubai ikielekea mashariki ya Kongo inapita mara nyingi kwa bandari mbili: Mombasa ao Dar es Salaam. Yenye kushuka Mombasa inapanda lori, inavuka Kenya na Uganda, kisha inaingia kwa Kasindi kuelekea Beni na Butembo, ao kwa Mahagi kuelekea Bunia. Yenye kushuka Dar es Salaam inaweza kufika Kigoma, ikavuka ziwa Tanganyika kwa mashua mpaka Kalundu kule Uvira, ao Kalemie. Mizigo ya Goma na Bukavu inapita mara nyingi kwa Rwanda.

Kila mahali pale muzigo unashushwa na kupandishwa, na kila mahali kuna siku za kungojea. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na watu wengi walifikiri kwamba tangu siku ile kodi kwa mupaka itakwisha. Haiko hivyo. Frigo ya Uchina haigeuki ya Afrika Mashariki kwa kuwa imepita Mombasa. Inaendelea kulipa kama kitu cha inje.

Kisha kuna mambo ya usalama, yenye kila mutu wa hapa anayajua bila kuelezwa. Barabara ikifungwa, lori inalala. Tangu mwanzo wa mwaka 2025, wakati vita vilifika Goma na Bukavu, viwanja vya ndege vya miji ile vilifungwa na banki zikafunga milango. Wafanya biashara walilazimika kutafuta njia zingine za kupitisha mali na feza. Muuzaji mwenye akili anakuambia “wiki sita mpaka miezi mitatu, na inaweza kuchelewa”. Yule wa kukuhakikishia siku kumi na ine kutoka Guangzhou mpaka Butembo, muulize atapita wapi.

Na safari ile inaumiza mashini. Ndani ya frigo kuna kompreseri, na ndani ya kompreseri kuna mafuta. Ikilazwa, mafuta inatoka mahali pake na kuingia kwa mirija. Ukiichomeka palepale, kompreseri inafanya kazi bila mafuta ya kutosha, na inaweza kuharibika siku ya kwanza. Kwa hiyo frigo ikifika, isimamishe wima, usiichomeke. Ngojea saa kadhaa. Kama ilisafiri ikiwa imelazwa, ngojea mpaka kesho yake. Watoto watalia wakitaka maji ya baridi. Waache walie.

Kibandiko cha nyuma

Picha inaonyesha rangi na mulango. Mambo ya maana yanaandikwa kwa kibandiko kidogo, nyuma ya mashini ao ndani karibu na mulango. Mbele ya kutuma feza, omba picha ya kibandiko hiki. Muuzaji mwenye mali anaitoa kwa dakika mbili. Asiye na mali ataanza kueleza.

Soma kwanza volti na hezi. Kwetu ni 220 mpaka 240 V, 50 Hz. Mashini za Uchina, za Ulaya na za Dubai zinapatana na kuranti yetu. Zenye zimetengenezewa Marekani ni 110 mpaka 120 V, 60 Hz, na za Japani ni 100 V. Zile zinafika hapa mara nyingi kama okaziyo. Transformateri inaweza kushusha volti, lakini haibadilishe hezi, na transformateri ya kuvumilia frigo inaomba feza ingine.

Fishi haiko tatizo kubwa, lakini ijue. Yenye meno matatu mapana ni ya Waingereza: inatoka Kenya, Uganda ao Dubai. Priz zetu ni za matundu ya mviringo. Usitumie adaptateri ya bei ndogo kwa mashini yenye inatumika usiku na muchana, sababu inapata moto. Ita mufundi abadilishe fishi yenyewe.

Kisha kuna herufi yenye watu hawaangalie kabisa: klasi ya hewa. SN maana yake mashini inafanya kazi vizuri mahali penye joto la digri 10 mpaka 32. N ni digri 16 mpaka 32. ST ni 16 mpaka 38. T ni 16 mpaka 43. Mutu wa Uvira, wa Kasindi ao wa kando ya ziwa Albert atafute ST ao T. Akinunua N, kompreseri haitapumzika hata dakika, na konteri itamueleza. Lakini mutu wa Butembo na wa Lubero ana tatizo la upande mwengine. Usiku kwetu kunakuwa baridi. Frigo ya N katika chumba chenye digri 12 inaweza “kufikiri” kwamba tayari iko na baridi ya kutosha, inanyamaza, na nyama yenye iko juu, kwa sehemu ya barafu, inaanza kuyeyuka. Watu wanaita mufundi, mufundi haoni kitu. Mashini haikuharibika. Ilinunuliwa kwa ajili ya hewa ingine.

Mwisho, tafuta nimero yenye imeandikwa kWh kwa mwaka. Tuseme ni 220. Gawa na siku 365: ni 0,6 kWh kwa siku. Zidisha na bei yenye unalipa kwa kWh moja kwenu, utajua frigo itakula ngapi kwa mwezi. Okaziyo ya zamani inaweza kula mara mbili ao zaidi ya ile mupya. Ile bei ndogo yenye ulifurahia, utaimalizia kidogo kidogo kwa konteri.

Kuranti ya kukatika

Hata frigo nzuri inakufa kwa kuranti mubaya. Saa za magaribi, wakati kila nyumba inapika, volti inashuka. Ikifika 160 ao 170, kompreseri inajaribu kuanza na kushindwa, inajaribu tena, inapata moto. Kuranti ikikatika na kurudi palepale, ni vibaya vilevile, sababu gazi bado iko na presha. Inaomba dakika tatu mpaka tano ya kutulia.

Kwa hiyo hesabu ya frigo lazima iwe na regilateri ndani yake, na regilateri yenye ina muda wa kungojea mbele ya kuwasha. Wauzaji wa mitandao wanasahauka kuitaja, sababu inaongeza bei. Frigoristi mumoja wa hapa alituambia hivi: “Kati ya frigo kumi zenye minapokea, nyingi haiko frigo njo mubaya. Ni kuranti njo iliua. Mutu anaweka dolari mia ine kwa frigo, anahurumia dolari makumi tatu ya regilateri.”

Kwa wenye kutumia jua: angalia nguvu ya kuanza. Kongelateri yenye imeandikwa wati 100 inaweza kuomba mara tano ya hiyo kwa sekunde ya kwanza. Konvertisere ya wati 300 itaizima kila mara. Kuna kongelateri za 12 ao 24 V zenye zinaingia moja kwa moja kwa batri, bila konvertisere. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini kwa mahali bila laini ya kuranti hesabu inaweza kupatana.

Feza ikishatoka

M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zimerahisisha maisha yetu. Lakini zilitengenezwa kwa kutumiana feza, si kwa kulinda mununuzi. Masoko makubwa ya inje, ukilipia ndani ya soko lenyewe, yanaweza kushika feza kwa muda mpaka muzigo ufike, na ukilalamika mbele ya siku fulani wanaangalia. Ukituma kwa nimero ya mutu, hakuna mwenye anashika kati yenu. Ukishaingiza kode ya siri, imeenda.

Kwa hiyo kama muuzaji wa soko la inje anakuambia “tutoke hapa, unilipe kwa upande, nitakupunguzia dolari 20”, anakuomba utoke chini ya mwamvuli mvua ikinyesha.

Na muuzaji wa muji wetu, namna iko nyepesi: nenda uone. Kama ni mbali, tuma ndugu, shemeji, mutu wa kanisa, mutu yeyote mwenye macho. Kama haiwezekani, omba video, si picha. Aandike jina lako na tarehe ya leo kwa karatasi, aibandike juu ya frigo, achomeke, tusikie kompreseri ikilia. Mwenye frigo anaweza. Picha pia unaweza kuipitisha kwa Google Lens: kama frigo ileile, kwenye ukuta uleule, iko kwa matangazo ya Lagos na ya Karachi, umepata jibu.

Garanti nayo, tuiseme waziwazi. Frigo ya kununua Dubai inaweza kuwa na garanti ya mwaka moja. Garanti ile iko Dubai. Kurudisha frigo kule kutagarimu zaidi ya frigo. Garanti yenye ina maana kwako ni ya mutu mwenye unaweza kumufikia kwa motari: “Ikiharibika mbele ya miezi sita, unanibadilishia ao unalipa mufundi.” Iandikwe kwa fakitire, na siyini.

Sheria inasema nini

Wengi wanafikiri kwamba kwa biashara ya WhatsApp hakuna sheria. Iko. Kongo ina Kode ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13/03/2023, yenye inagusa pia biashara ya kwa intaneti na maandishi ya kielektroniki. Kwa hiyo usifute mazungumuzo yenu, sauti zake, SMS ya malipo, wala lile tangazo la kwanza. Piga picha ya kioo siku ileile, sababu tangazo linaweza kufutwa kesho.

Tenganisha mambo mawili. Mutu mwenye alikudanganya ili umupe feza, akitumia majina ya uongo ao hila, huyo anaangukia kwenye eskrokeri, yenye artikle ya 98 ya Kode Penali inahukumu. Huyo unamupelekea polisi ao parke. Lakini mutu mwenye alikutumia frigo ya kweli, ikawa na ubovu wenye haukuonekana, hiyo ni habari ya deni kati yenu. Sheria yetu ya mapatano, ya tarehe 30/07/1888, inamulazimisha muuzaji kujibu juu ya ubovu wa kufichika, hata kama yeye mwenyewe hakuujua. Lakini mununuzi asikawie. Ukilalamika kisha mwaka, atakuambia ni wewe uliiharibu. Andika palepale, na mufundi aandike karatasi kuhusu kile alikuta.

Haki hizi zina mupaka. Muuzaji akiwa Guangzhou, hakuna hakimu wa Butembo wa kumuita. Ndiyo sababu komisioneri mwenye ana nyumba, depo na jina hapa anastahili kulipwa kidogo zaidi. Unalipia uwezo wa kumupata.

Mbele ya kutuma

Kama unasoma haya na telefone mukononi, na kuna mutu anakungojea utume avansi, muulize mambo haya:

– Frigo iko wapi leo, na naweza kutuma mutu kuiona?
– Nitumie picha ya kibandiko cha nyuma: volti, hezi, litri, klasi.
– Bei hii inaishia wapi? Duane na TVA ziko ndani?
– Ikifika imevunjika, nani anabeba hasara?
– Fakitire itakuwa kwa jina gani, na RCCM yako ni nimero gani?
– Avansi itakuwa ngapi, na ya kubakia nilipe kisha kuchomeka?

Muuzaji wa kweli hakasirike kwa maulizo. Amezoea. Yule mwenye anaanza kusema “yaya, kuko watu kumi banangojea hii frigo, amua sasa” muache awape wale kumi.

Mama wa samaki bado anaendelea na kazi yake. Alienda kushitaki, lakini nimero ya muuzaji ilikuwa imeandikishwa kwa jina la mutu mwengine, na kesi inalala. Kongelateri yake iko ndani ya nyumba, kando ya kitanda. Anawekamo unga na samaki ya kukauka, sababu panya haziwezi kufungua mulango ule. Anacheka akituonyesha.

Mwezi wa kumi na mbili watagawa tena. Safari hii amekwisha kusemezana na frigoristi wa kartiye yao, waende pamoja kwenye depo, na mashini ichomekwe mbele yao. “Picha nitaangalia,” anasema. “Kuangalia haiko na deni. Lakini feza itatoka mu mukono yangu kama nimegusa baridi na kidole.”